Nafasi ya Mungu Huku Mlimani

Jumatatu, 3 Julai

Shimo la tatu. Hewa ya joto ilitoka kidogo, kama pumzi ya mtu aliyelala, kisha ikakatika. Tuliweka mkono. Tukangoja. Tukaweka shavu. Hakuna kitu. Tumefukia.

Mgongo unauma upande wa kushoto. Upande wa kulia umeshazoea.

Huku nyuma ya mlima Longonot maji ya kuchimba ni ya moto na yana chumvi, hata punda anayakataa. Watu wanakunywa mvuke. Nilipokuwa Bungoma ungeniambia hivyo ningekucheka. Unatafuta ufa ambapo mvuke unatoka ardhini, unauchimba, unaufunika kwa mabati, unaunganisha paipu ndefu. Mvuke ukipoa ndani ya paipu unakuwa maji, unadondoka kwenye pipa. Ndiyo hayo wanapikia chai. Sasa ufa wa zamani umedhoofika, pipa halijai tena, na akina mama wanagombana kwenye foleni. Sisi tumeletwa kutafuta ufa mwingine.

Tuko watatu. Mzee Koskei ndiye msimamizi, na ni mzee wa kanisa. Odhiambo anatoka Siaya. Mimi na yeye tuliajiriwa siku moja, tukiwa tumesimama kando ya barabara Nakuru tukingoja kibarua, na tunalala chumba kimoja cha mabati. Wa tatu ni mimi, Wafula. Mama Njeri anatupikia. Yeye pia ndiye mwenyekiti wa kamati ya maji, kwa hiyo ukilalamikia githeri yake ya mahindi na maharagwe umelalamikia serikali.

Nimechoka, lakini leo nimecheka, ndiyo maana naandika. Kila asubuhi baada ya chai Mzee Koskei anaomba kabla hatujashika kazi. Anaombea sururu, vidole vyetu, rais, mifugo, wagonjwa wa hospitali zote. Tukisema amina jua limeshatuchoma kisogo. Leo aliomba macho yetu yafunguliwe tuone mvuke. Odhiambo hafungi macho kamwe kwenye maombi. Akaninong'oneza, "Yangu yako wazi tangu saa moja."

Nilibana mdomo mpaka machozi yakatoka. Mzee alidhani nimeguswa na Roho. Akanipigapiga begani.

Jumanne, 4 Julai

Baridi. Shimo la nne, chini kidogo ya boma la Mama Njeri. Kavu kabisa.

Wakati wa githeri Odhiambo na Mama Njeri walianza tena. Mzee alikuwa ameenda kwa duka kutafuta misumari. Odhiambo alimaliza kidato cha nne, mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo mambo kama haya mimi huyasikiliza nikitafuna. Anasema hana ugomvi na Mungu. Hajamwona tu, na ishara pia hajaziona.

Mama Njeri alimhesabia ishara. Mtoto wake alikuwa mgonjwa akapona. Ng'ombe wake alipotea akarudi mwenyewe. Odhiambo akamuuliza kuhusu wale walioomba na ng'ombe wao hawakurudi.

"Hao hawasimami kanisani kutoa ushuhuda, mathe."

"Watasimama aje? Bado wako msituni wanatafuta ng'ombe."

Tulicheka sote. Nafikiri Mama Njeri alishinda, ila sijui alishinda nini.

Kisha Odhiambo akatoa kifuniko cha soda mfukoni akaanza kukirusha. Alisema ni hesabu za uwezekano. Mama Njeri akamwambia aongee lugha ya watu. Basi Odhiambo akaziita nafasi. Nafasi ya kifuniko kulala chali, nafasi ya mvua kunyesha kesho. Akasema ukitafuta kitu mahali kinapopaswa kuwa, na hukioni, nafasi yake inapungua.

"Wafula, nikikuambia kuna ndovu kwa chumba chetu, uingie usimwone, nafasi ya huyo ndovu imebaki ngapi?"

Nikasema haipo.

"Na nikikuambia kuna kiroboto?"

Nikajikuna.

"Sasa swali ni kama Mungu ni kama ndovu ama ni kama kiroboto."

Mama Njeri alimpiga na mwiko. Ulikuwa na maharagwe.

Jumatano, 5 Julai

Hatukuchimba. Tulinyoosha paipu kuukuu siku nzima.

Yule kiroboto ananisumbua. Mimi naomba. Nimeomba tangu nikiwa mdogo, sijawahi kujiuliza. Leo nilijiuliza nikiwa nimeshika nyundo. Baba alipougua tuliomba, akafa. Mtoto wangu Nafula alipopata homa tuliomba, akapona. Kanisani nikisimama huwa nasimulia habari ya Nafula. Ya baba sijawahi kuisimulia hata mara moja. Hakuna aliyenikataza.

Nilikasirika. Nikapiga nyundo vibaya, karibu niache kidole huku Longonot.

Jioni mke wangu alipiga simu akauliza kama naomba. Nikasema ndiyo. Akauliza kama nakula. Nikasema ndiyo. Hilo la pili alilitilia shaka.

Alhamisi, 6 Julai

Mambo yameharibika. Na yameharibika kwa sababu ya neno moja.

Odhiambo alikuwa anaosha sahani huku akimalizia ubishi wa juzi na Mama Njeri. Akasema, "Kwa hesabu yangu, nafasi ya Mungu ni ndogo sana." Mzee Koskei alikuwa ndio anafika, paipu begani. Aliishusha polepole.

"Nafasi ya Mungu ni ndogo? Hapa? Kwa kazi yangu?"

Mzee anajua nafasi mbili tu. Ya kukaa kanisani na ya kazi. Odhiambo akajaribu kurekebisha.

"Hapana mzee, si nafasi hiyo. Namaanisha nafasi ya kuwepo."

"Hata ya kuwepo humpi?"

Hapo ndipo Odhiambo alipaswa kunyamaza. Alicheka. Kusema kweli na mimi nilicheka, Mama Njeri pia, lakini Mzee alimwona Odhiambo peke yake.

"Basi sikia. Kama Mungu hana nafasi hapa, na wewe huna. Jumamosi kamati inakuja kuona kazi. Mvuke usipopatikana, unashuka na pikipiki inayowaleta. Mashimo manne, yote makavu. Nilikuwa najiuliza ni nini kinafunga huu mlima. Sasa nimejua."

Hakuna aliyecheka tena.

Naogopa. Naandika wazi kwa sababu hapa hakuna wa kunicheka. Odhiambo akishuka nabaki mlimani na Mzee na maombi yake. Yeye ndiye anayenifunga mgongo na shuka kila jioni, anakaza kwa goti kama anafunga mzigo wa kuni. Nilipopata malaria alichimba upande wake na wangu, akamwambia Mzee kwamba mimi ndiye nimechimba. Mimi Mbukusu, yeye Mjaluo. Kijijini kwetu nisingepanga kuishi na mtu wa kwao. Huku ni ndugu yangu, na hilo sijawahi kumwambia, wala sitamwambia.

Ijumaa, 7 Julai

Odhiambo ameshafunga begi. Amelipanga vizuri, kama mtu asiye na hasira. Hilo liliniuma zaidi.

Nilimwendea Mzee. Nikamweleza habari ya kifuniko cha soda, ndovu na kiroboto. Nikamwambia nafasi aliyosema Odhiambo ni ya hesabu, si ya kumfukuza mtu kwenye benchi. Mzee alinisikiliza vizuri. Si mtu mbaya. Akasema:

"Wafula, wewe ni kijana mzuri. Lakini mashimo manne ni mashimo manne. Kama mvuke ungekuwa hapa, si tungeuona?"

Nilirudi nikamwambia Odhiambo. Aliketi wima kitandani.

"Tuuone wapi? Tumeangalia upande mmoja wa mlima, upande wa maboma. Tena tunaanza jua likiwa limepanda. Jua likipanda mvuke hauonekani hata ukitoka mbele ya pua yako. Ufa wa zamani haupumui peke yake huku chini, lazima una wenzake. Mvuke upo, omera. Uko upande ule mwingine, nakuambia."

Upande ule mwingine ni vichaka vya leleshwa tupu, na ndani ya leleshwa kuna nyati. Asubuhi hakuna anayekanyaga huko. Hata wenyeji wanangoja jua lipande ndipo wapeleke mbuzi.

Halafu nikagundua jambo, nikalisema bila kufikiri. Nilimwambia, Mzee Koskei anaamini asichokiona, na amekata tamaa na mvuke. Wewe huamini mpaka uone, na mvuke ambao hujauona umeuapia.

Odhiambo aliinama kando ya kitanda. Kisha akanirushia kiatu.

Jioni Mzee akatangaza. Kesho kabla ya kamati kuna maombi maalum ya kufungua mlima. Bila chai, tumefunga. Alfajiri, na si kambini, ila juu kabisa mgongoni mwa mlima, ambapo mtu anaona pande zote. Kamati ije huko huko. Akamtazama Odhiambo. "Na wewe uje. Ni wewe tunaombea."

Nilidhani Odhiambo atakataa. Aliuliza saa ngapi hasa, na kama ni juu kabisa kweli. Halafu akatabasamu, mara ya kwanza tangu jana.

"Nitakuja, mzee. Hiyo siwezi kukosa."

Mzee alifurahi. Sikumweleza chochote.

Jumamosi, 8 Julai

Nitaandika yote ingawa mikono imechubuka.

Tulipanda kukiwa bado na giza kidogo. Mama Njeri na wanawake wawili wa kamati walikuwa mbele wakipiga sufuria ili nyati wajue tunakuja. Baridi ya kukata masikio. Juu kabisa upepo ulikuwa umetulia. Upande wa mashariki kulianza kuwa kweupe. Upande ule mwingine, chini kwenye leleshwa, bado ulikuwa mweusi tu, hauonyeshi kitu.

Mzee akavua kofia, akaanza. Tukafumba macho.

Alianza na Odhiambo, si sururu. Alimtaja kwa jina lake, la baba yake, na la kijiji chao. Sikujua kwamba anayajua yote hayo. Akasema huyu ni mtoto wa watu, ametoka mbali, anafanya kazi kama wawili, na haibi. Akasema, "Baba, mimi nimemkasirikia, lakini wewe usimkasirikie." Sauti ilikuwa imeloa machozi. Nikaona haya kwa kicheko changu cha Alhamisi.

Kisha akaingia kwenye maombi yake ya kila siku. Rais. Mifugo.

Hapo nikasikia Odhiambo, aliyesimama kando yangu, amesita kupumua. Nikafungua jicho moja.

Chini kwenye leleshwa kulikuwa na uzi mweupe. Umesimama wima, mwembamba, kama moshi wa jikoni mahali ambapo hakuna jikoni. Halafu mbele yake mwingine. Halafu mmoja mnene, unatoka polepole, unajikunja, unatoka tena. Mwanga ulikuwa umefika tu wa kutosha kuuona, na jua halijafika la kuufuta.

Odhiambo alikuwa ameukazia macho, ngumi zimekunjwa. Mimi nikaangalia mashariki. Ukingo ulikuwa unawaka. Nikamsikiliza Mzee. Ndio kwanza anaingia kwa wagonjwa. Nayajua maombi ya Mzee Koskei kama njia ya kwenda chooni. Wagonjwa wakiisha ni wajane, halafu shule za bweni, halafu mipaka ya nchi. Afike mipakani, jua litakuwa limepanda, na mvuke wetu umekwenda.

Odhiambo angepiga kelele. Ndivyo mimi ningefanya. Hakupiga. Nilimuuliza baadaye kwa nini. Akasema, "Mzee ameniombea na machozi, nimkate aje?"

Aliendelea kungoja. Wajane wakaanza. Mzee akavuta pumzi kati ya mjane na yatima.

"AMINA!"

Ni Odhiambo. Kwa sauti iliyofanya ndege waruke. Na kwa sababu ni mazoea, sote tukaitikia, "Amina!" Hata Mzee mwenyewe aliitikia kabla hajajua amefanya nini.

Akafungua macho. Akamtazama Odhiambo. Sijawahi kuona uso wa mzee ukifanya vile. Odhiambo hajawahi kusema amina tangu tufike. Mzee alinyoosha mikono, akamkumbatia, akamshika kwelikweli, kofia ikaanguka kutoka mkononi. Odhiambo alikumbatiwa akiwa amenyoosha mkono juu ya bega la Mzee, kidole kinaonyesha leleshwa.

"Asante, mzee. Asante sana. Sasa geuka, geuka haraka."

Mzee akageuka. Akauona. Kisha akapaza sauti:

"Mungu ni mwema!"

"Kila wakati!" tukasema, lakini Odhiambo alisema akiwa tayari anateremka mbio na sururu.

Tulikimbia sote. Mama Njeri alikimbia na sufuria. Tulifika kwenye ule mnene tukaufungia kitambaa cha kichwa cha mama mmoja juu ya kichaka kiwe alama, na ule wa kando tukauwekea kofia ya Mzee. Ndipo jua likatoka. Mvuke ukapotea mbele yetu. Palibaki leleshwa, mawe, kitambaa na kofia. Kama ningefika wakati huo ningeapa kwamba hapana kitu. Nikaweka mkono. Nikautoa haraka. Kiganja bado ni chekundu ninapoandika.

Nyati hakuonekana. Odhiambo alisema hiyo haina maana kwamba hayuko. Tulichimba tukiangalia nyuma.

Mchana mzima walibishana wakichimba. Mzee anasema ni maombi, si mmeona wenyewe. Odhiambo anasema ni baridi, na kusimama juu, na mtu mmoja kuwa na macho wazi. Mzee anasema ni nani aliwapeleka juu wakati wa baridi kama si maombi. Odhiambo akafikiri. Akasema basi nafasi imepanda kidogo, lakini kidogo sana, kama mtu aliyekanyaga jiwe. Mzee akauliza, "Nafasi ipi?" Nikasema jamani, tusianze.

Mama Njeri akasema wachimbe, wataelewana maji yakitoka.

Jumatatu, 10 Julai

Mabati yamewekwa. Paipu tatu zimeungwa. Nimeungua mahali pawili. Furaha.

Begi la Odhiambo bado lilikuwa limefungwa mlangoni, sijui kama kwa kiburi au kwa kusahau. Mzee alipita akaligusa kwa mguu.

"Fungua hii. Nafasi yako iko."

"Ya kazi ama ya kuwepo?"

Mzee hakucheka. Alitembea mpaka nyuma ya mabati, ndipo tukamsikia.

Alhamisi, 13 Julai

Maji yanatoka. Si mengi. Lakini hayasimami.

Mama Njeri alitupikia chai ya kwanza ya ufa mpya. Ilikuwa na ladha ya paipu. Odhiambo alikunywa vikombe viwili akasema ni nzuri, na ni mtu ambaye hasemi uongo.

Maombi sasa ni alfajiri, juu, kila siku. Yamekuwa mafupi kwa sababu ya baridi. Mzee ameshampa Odhiambo kazi. Anasimama pembeni kabisa ameelekea leleshwa, macho wazi, anaangalia nyati na mvuke. Mzee humwambia, "Sisi tunafunga, wewe fungua." Hawajapatana juu ya lolote lingine. Odhiambo anapanda kila siku hata hivyo.

Mke wangu alipopiga simu nilimwambia habari ya baba, kwamba sijawahi kuisimulia. Akasema na yeye pia hajawahi.

Leo asubuhi nilifumba macho yote mawili. Mzee alikaa kimya kidogo kabla ya kuanza, na upepo ulikuwa umetulia, na kutoka chini tukalisikia pipa. Tone. Halafu kimya. Halafu tone. Katikati pale hujui kama lingine linakuja.

Nikangoja.